Idete, Kijiji Kilichoipima Chanjo ya Malaria

Mwishoni mwa Oktoba 1994 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 586 wa Idete, kijiji cha wakulima wa mpunga magharibi mwa mji wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero. Watoto hao walikuwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Kila mmoja alichomwa sindano tatu katika muda wa miezi sita. Wengine walipata chanjo mpya ya malaria iliyoitwa SPf66, na wengine walipata sindano isiyo na chanjo hiyo ndani yake. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi, wala waliowapima watoto hawakujua. Hesabu ilipofungwa, ilionekana kwamba waliochanjwa waliugua malaria pungufu kwa asilimia 31 kuliko wenzao.

Leo SPf66 haitolewi katika zahanati yoyote. Wanaoikumbuka huitaja kwa haraka, kama chanjo iliyoleta matumaini ikazimika, kisha huendelea na habari za chanjo zilizoifuata. Idete hutajwa kwa haraka vilevile, kama mahali tu palipofanyiwa jaribio. Naona huko ni kuwadhulumu watu wa kijiji kile. Kilichopatikana Idete kilikuwa kikubwa kuliko chanjo yenyewe, na bado kinatumika kila mara mtu anapouliza kama dawa, chandarua au chanjo fulani inapunguza malaria kweli.

Habari za Idete huanzia kwenye maji. Mito hushuka kutoka milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi, mingine hutoka nyanda za juu za Mahenge ng'ambo ya pili, yote ikauingia mto Kilombero, nao Kilombero hukutana na Luwegu ukazaliwa Rufiji. Masika yakikolea, bonde hufurika. Maji yakirudi nyuma huacha udongo mweusi wenye rutuba pamoja na madimbwi yasiyo na idadi. Wandamba wamekaa humo vizazi kwa vizazi wakivua na kulima mpunga, wakipakana na Wapogoro, Wabena na Wambunga. Miongo ya karibuni wameingia Wasukuma na wafugaji wengine na ng'ombe wao. Mpunga hutaka maji yaliyotuama juani, na mbu aitwaye Anopheles arabiensis huyataka hayohayo kwa ajili ya viluwiluwi vyake. Tangu hapo shibe na homa zimekuwa zikitoka katika shamba moja.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halioni haraka. Mashamba mengi yako mbali na kijiji, na msimu wa kilimo ukifika familia huhamia huko kwa wiki au miezi. Hujenga vibanda vya miti na nyasi, na madungu ya kukaa juu wakilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na wanyama wengine. Nyumba ya kijijini hubaki imefungwa. Basi wakati mbu wako wengi kupita kiasi, ndipo mama na watoto wanapolala mahali penye kuta hafifu kuliko pote, na zahanati ikiwa mbali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mtoto akishikwa na homa usiku huko shambani, njia ya kumfikisha kwenye matibabu ni ndefu na ya matope. Na kama homa hiyo ikageuka degedege, wazee wengi kwa miaka mingi waliamini dawa yake iko kwa mganga wa kienyeji, na kwamba sindano ya hospitali inaweza kumuua mtoto mwenye degedege. Hofu hiyo haikutoka hewani. Watoto wengi waliofikishwa hospitalini walifika wakiwa wamechelewa mno.

Wakoloni walipoliandika bonde hili katika majalada yao, ugonjwa mmoja uliowashughulisha sana ulikuwa malale. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa wilaya ya Ulanga na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Malaria yenyewe waliichukulia kama hali ya nchi, kitu ambacho wenyeji wamekizoea. Mazoea hayo yalikuwa na gharama yake, nayo ililipwa na watoto wasiofikisha miaka mitano.

Mwaka 1949 alifika Ifakara mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, jina lake Rudolf Geigy, aliyekuwa ameanzisha Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Uswisi miaka michache nyuma. Alifikia kwa watu wa kwao, kwani mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi walikwisha kuwa na misheni hapo, na pembeni yake hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Geigy alivutiwa na wadudu waenezao magonjwa, hasa papasi, wale kupe wanaojificha katika nyufa za sakafu za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Homa ya papasi ilikuwa imechunguzwa na Robert Koch katika Afrika Mashariki ya Wajerumani tangu 1905, lakini mambo mengi kuhusu mdudu huyo yalikuwa bado kujulikana. Mwaka 1957 maabara ndogo ya Uswisi ilifunguliwa Ifakara. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikafuata kituo cha kufunzia waganga wasaidizi, na nchi changa ilikuwa na haja kubwa na watu hao.

Kwa miaka ishirini na ushei maabara ile ilikuwa mahali pa wageni kuja, kukusanya wadudu na sampuli, na kurudi kuandika Basel. Sisemi hivyo kwa kuibeza kazi yao. Mengi tunayoyajua kuhusu papasi yalitoka hapo. Lakini mwanakijiji hakuwa na sababu ya kujua kilichoandikwa. Mwelekeo ulianza kugeuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Marcel Tanner alipokuwa Ifakara na utafiti ukapelekwa kijiji cha Kikwawila. Huko watoto walifuatiliwa mwaka hadi mwaka, na maswali ya minyoo, kichocho, lishe, malaria na maji yakaulizwa kwa pamoja, kwa kuwa mtoto mmoja huyabeba yote kwa wakati mmoja. Kutoka hapo kazi ikasogea hadi Namawala, na kutoka Namawala ikaingia Idete.

Ugumu waliokutana nao Idete unastahili kuelezwa polepole, maana ndio kiini cha habari yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa mbu walikadiria kwamba mtu anayeishi sehemu hiyo ya bonde hung'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku. Katika hali hiyo, ukichukua tone la damu la mtoto yeyote na kuliweka chini ya hadubini, mara nyingi utakuta vimelea, hata kama mtoto mwenyewe anacheza mpira nje ya zahanati. Mwili wake umeanza kujifunza kuishi navyo. Sasa mtoto huyo akipata nimonia na kuletwa na homa, ukampima, vimelea utaviona. Utaandika nini kwenye daftari? Ukiandika malaria, umekosea ugonjwa, na dawa utakayompa haitamsaidia. Na kama unajaribu chanjo ya malaria, kila homa ya aina hiyo unayoihesabu inavuruga jibu lako, kwa sababu chanjo ya malaria haizuii nimonia.

Andrew Kitua, daktari Mtanzania aliyekuja kuwa mkuu wa kituo cha Ifakara na baadaye wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, aliwafuatilia watoto wachanga wa Idete katika mwaka wao wa kwanza wa maisha, akaandika jinsi vimelea vinavyoongezeka kadiri miezi inavyosogea baada ya kinga ya mama kupungua. Sambamba na kazi hiyo, wanatakwimu Thomas Smith, Joanna Armstrong Schellenberg na Richard Hayes walitafuta njia ya kutenganisha homa ya malaria na homa nyingine. Walilinganisha wingi wa vimelea kwa watoto wenye homa na kwa watoto wazima wa kijiji hichohicho. Vimelea vichache vilikuwa kwa wote, kwa hiyo havikusema kitu. Vilipokuwa vingi sana, homa ilikuwa karibu daima pamoja navyo. Kwa jaribio la Idete wakaweka mpaka: mtoto atahesabiwa kuwa ana malaria akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, pamoja na vimelea zaidi ya 20,000 katika mikrolita moja ya damu.

Mpaka huo unaonekana kama jambo la karani. Mimi naona bila huo jaribio lote lingekuwa kelele. Mtoto wa Idete alikuwa amepewa nafasi ya kuhesabiwa sawasawa, asiandikiwe malaria kwa sababu tu ametoka kwenye bonde la malaria.

Chanjo yenyewe ilitoka mbali. Manuel Patarroyo wa Bogotá, Colombia, aliitengeneza katika miaka ya 1980 kwa kuunganisha maabarani, kwa njia ya kemikali, vipande vinavyofanana na sehemu za kimelea, bila kutumia kimelea chenyewe. Alitangaza kwamba angeikabidhi kwa Shirika la Afya Duniani badala ya kuiuza kwa kampuni, na Amerika ya Kusini wengi walimwona shujaa. Huko Colombia jaribio lilionyesha kinga ya takriban theluthi. Lakini wakosoaji wa Ulaya na Marekani walikuwa na swali la haki: pwani za Colombia mtu hung'atwa mara chache, je, chanjo itasimama mahali pa mara 300? Swali hilo lilihitaji kijiji. Pedro Alonso, daktari kutoka Barcelona, aliongoza timu ya watafiti wa Tanzania, Hispania, Uswisi na Uingereza. Walianza kwa kuthibitisha usalama wa chanjo kwa watu wachache wa Idete, kisha mwaka 1993 wakaanza jaribio kubwa, la kwanza la chanjo hiyo katika Afrika.

Asilimia 31 ilipotangazwa, magazeti ya dunia yaliipokea kwa shangwe. Ndani ya makala yenyewe, hata hivyo, watafiti walikuwa wameandika pia kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Watoto 586 ni wachache kwa swali kubwa namna ile. Hawakuficha kwamba mguu mmoja wa jibu lao ulikuwa ukingoni.

Yaliyofuata yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 1995 matokeo ya Gambia, kwa watoto wachanga, yalionyesha asilimia 8. Mwaka 1996 matokeo ya Thailand, mpakani mwa Myanmar, hayakuonyesha kinga yoyote. Bado mtu angeweza kusema Idete ilikuwa tofauti. Basi timu ya Ifakara ikalirudia swali nyumbani, safari hii kwa watoto wachanga 1,207, chanjo ikitolewa pamoja na zile za kawaida za kliniki, kwa sababu kama kuna chanjo ya malaria itakayowafaa watoto wa Afrika, lazima iweze kupita mlango uleule ambao mama tayari anaupitia na mtoto mgongoni. Mwaka 1999 jibu lilichapishwa. Kinga ilikuwa asilimia 2, yaani hakuna.

Watu walewale, bondeni kulekule, waliochapisha 31 ndio waliochapisha 2. Wengi walijua jina la Ifakara kwa sababu ya ile 31. Kuichapisha ile 2 kulikuwa kujiondolea sifa kwa mkono wako mwenyewe, na wakafanya hivyo. Kwangu hii ndiyo sehemu ya historia ya Kilombero inayopaswa kufundishwa katika vyuo vyetu vya tiba kabla ya majina ya chanjo.

Na urithi wake unaonekana. Alonso na mtafiti mwenzake Clara Menéndez walikwenda Msumbiji wakaanzisha kituo cha Manhiça mwaka 1996. Huko mwaka 2003 chanjo nyingine, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto wapatao 2,000, na malaria ikahesabiwa kwa njia ileile ya homa pamoja na mpaka wa vimelea, ingawa mpaka wenyewe ulishushwa kuwa 2,500 kulingana na mahali. Jaribio kubwa la mwisho la RTS,S lilifanyika katika vituo 11 vya Afrika, viwili vikiwa Bagamoyo na Korogwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na miaka miwili baadaye likapendekeza ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa sehemu nyingine. Programu za kompyuta zinazokadiria faida ya chanjo au vyandarua kabla fedha hazijatolewa zilijengwa kwa takwimu za vijiji vichache sana, na Idete na Namawala ni miongoni mwa hivyo.

Wakati dunia ikitazama chanjo, Ifakara ilipata majibu mengine mawili ambayo hayakupata shangwe kama ile. Katika bonde hili malaria huua mno kwa kumaliza damu. Mtoto huletwa akiwa na viganja vyeupe, mapigo ya moyo yanakimbia, na mtu wa kumwongezea damu anatafutwa kwa mbio. Menéndez na wenzake waliwapa watoto wachanga 832 dawa ya chuma, au dawa ya kuzuia malaria, au zote, au hakuna hata moja. Mwaka 1997 walionyesha kwamba chuma hupunguza upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 29 bila kuongeza malaria, na kwamba dawa ya kuzuia malaria hupunguza malaria kwa asilimia 60. Ila ilipokatishwa, watoto waliugua zaidi kuliko wenzao, kwa kuwa miili yao haikupata nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo David Schellenberg na timu yake wakajaribu dozi tatu tu za dawa ya malaria iitwayo SP, mtoto anapopelekwa kliniki kuchanjwa akiwa na miezi 2, 3 na 9. Matokeo ya 2001, kwa watoto 701, yalikuwa malaria pungufu kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 50. Mlango wa kliniki uliokataa SPf66 ulikuwa umepitisha kidonge cha bei ndogo. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza utaratibu huo mwaka 2010.

Jibu la pili lilikuwa chandarua. Watu wa Kilombero walikuwa wakilala ndani ya vyandarua zamani, mbu wenyewe ndio waliowafundisha, lakini vilikuwa havina dawa. Mradi uliojulikana kama KINET ulianza 1996 na kuviuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Ili kujua kama vinaokoa maisha, ilibidi watu wahesabiwe. Tangu Septemba 1996 wahesabu walianza kuzunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani amezaliwa, nani amehamia, nani amefariki. Ni kazi nzito kuuliza swali la mwisho kwenye nyumba yenye msiba, tena kurudi miezi minne baadaye kuuliza tena. Mwaka 2001 hesabu hiyo ilionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Hati za punguzo walizopewa wajawazito na mama wenye watoto wadogo katika mradi huo ndizo zilizozaa mpango wa taifa wa Hati Punguzo mwaka 2004.

Kituo nacho kilibadilika. Katika miaka ya 1990 uongozi ulishikwa na Watanzania, na mwaka 2008 kikachukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Honorati Masanja, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya 1994 akiwa kijana, alikuja kuwa mkurugenzi wake. Nchini kwa jumla, vimelea vilivyokuwa kwa karibu asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2007–08 vilikutwa kwa asilimia 8 mwaka 2022.

Mbu hawakukaa wakitazama. Anopheles gambiae, aliyependa kuingia ndani na kunyonya damu ya watu tu, alipotea karibu kabisa bondeni baada ya vyandarua kuenea. Nafasi yake imeshikwa na Anopheles funestus, anayezaliana katika maji ya kudumu yenye majani kandoni, na ambaye sumu ya vyandarua vya kawaida haimuui kama zamani. Sasa yeye ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria katika Kilombero na Ulanga. Watafiti wa Ifakara wamewauliza wakulima wa mpunga na mboga wanatumia viuatilifu gani, wanavichanganya vipi, na vyombo vinaoshewa wapi. Baadhi ya sumu hizo ni za ukoo mmoja na zile za kwenye vyandarua. Zinapotiririka kwenye majaruba na mifereji, viluwiluwi huogeshwa humo, na wanaonusurika ndio wanaozaa.

Katika halmashauri zetu bwana shamba ana ofisi yake na bwana afya ana ya kwake. Mmoja anapimwa kwa magunia, mwingine kwa idadi ya wagonjwa. Mkulima wa Idete akinunua chupa ya dawa ya kunyunyizia, ushauri utamfikia kutoka kwa muuza duka, naye haiuzi dawa hiyo kwa hesabu ya usugu wa mbu. Watoto waliochomwa sindano mwaka 1993 wamepita miaka thelathini, na walio wakulima miongoni mwao ndio wateja wa chupa hizo. Walikwisha kutoa damu yao, kidole baada ya kidole, ili dunia ijue kinachofanya kazi. Haki yao ni kwamba yanayojulikana leo kuhusu sumu za shambani na mbu yafike kwao kabla ya msimu, kwa lugha wanayozungumza, kutoka kwa mtu anayelipwa kuwaambia, na kwamba chupa isiyofaa isifike kabisa dukani Idete.